Safari ya Kalima: Mapendo, Mahari na Barua Isiyofika

Msafiri atokaye Kindu kwenda Kalima huuacha mto Lualaba nyuma yake na kuelekea mawio ya jua. Njia ni ya kilomita 100 hivi. Lakini mwenyeji wa Maniema haipimi kwa kilomita, huipima kwa mvua. Mvua ikinyesha usiku kucha, udongo mwekundu hugeuka utelezi, malori hukwama matopeni, na mwenye pikipiki hushuka akaisukuma. Msitu husimama pande zote mbili kama ukuta. Kisha nchi huanza kuinuka, vilima hufuatana, na hatimaye mji huonekana, umetandazwa juu ya vilima hivyo katika teritwari ya Pangi, kati ya mto Elila upande wa kusini na mto Ulindi upande wa kaskazini.

Hii ni nchi ya Warega. Walakini Kalima si mji wa kabila moja, na sababu yake imo chini ya ardhi. Mwaka 1932 iliundwa kampuni ya Symétain, ili kuchimba madini ya bati ya Maniema, na Kalima ikawa kitovu cha kazi zake. Zikajengwa kambi za wafanyakazi, na mtambo wa umeme ukawekwa kwenye maji ya mto Lutshurukuru. Wakaja watu wa kabila mbalimbali kutafuta mshahara, wakapanga nyumba mlango kwa mlango, na Kiswahili kikawa lugha ya wote. Watoto wao walichota maji kwenye bomba moja, wakajifunza katekisimu kwenye benchi moja, na walipokua wakapendana. Hapo ndipo wazazi walipogundua kwamba majirani si lazima wawe ndugu.

Mambo ya kampuni yalibadilika. Mwaka 1976 Symétain na kampuni nyingine za Kivu na Maniema ziliunganishwa katika SOMINKI. Mwezi wa Oktoba 1985 soko la bati la dunia lilivunjika, bei ikaanguka, na mishahara ikaanza kukauka kama kisima wakati wa kiangazi. Mwaka 1997 SOMINKI ilifikia mwisho wake, na baadaye haki za migodi zikaja mikononi mwa SAKIMA, kampuni ya Serikali. Vita vya mwaka 1998 hadi 2003 vikaongeza taabu. Siku hizi vijana wengi huchimba wenyewe kwa sururu, beleshi na karai. Leo apata, kesho akosa. Na kijana apataye leo na kukosa kesho, huyo ndiye anayekwenda kubisha hodi kwa baba wa msichana.

Tuliyaona hayo kwa sababu kazi ya ualimu ilitupeleka huko kwa siku chache. Wanafunzi wa darasa la juu katika shule moja walikuwa wakisoma kwa Kifaransa hadithi ya Romeo na Juliet, nao wakatuomba tuwafafanulie. Tulikubali kwa furaha, tukidhani kwamba tungefundisha. Kumbe mji wenyewe ulikuwa na mengi ya kutufundisha.

Kwa wasomaji wasioijua, hadithi ni hii. Shakespeare, mtunzi wa Uingereza, aliiandika kama mchezo wa kuigiza karibu na mwaka 1595, akiufuata mkasa uliokuwa umekwisha kuandikwa na Waitalia kabla yake. Katika mji wa Verona kuna jamaa mbili, Montague na Capulet, zinazochukiana hata watumishi wao hupigana barabarani. Chanzo cha uadui huo mtunzi hakukieleza popote. Romeo, mwana wa Montague, anakutana na Juliet, binti wa Capulet, ambaye hajatimiza miaka 14. Kesho yake wanafungishwa ndoa kwa siri na padri Mfransisko aitwaye Laurence. Siku ileile Romeo anamwua Tybalt, jamaa ya Juliet, katika ugomvi, naye anafukuzwa mjini. Baba yake Juliet, asiyejua kwamba binti yake ni mke wa mtu, anamlazimisha kuolewa na bwana mwingine aitwaye Paris. Juliet anakunywa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42. Barua ya kumweleza Romeo siri hiyo haifiki. Romeo anamkuta kaburini, anadhani amekufa kweli, anakunywa sumu. Juliet anaamka, anamwona mumewe amekufa, anajichoma kwa jambia. Mambo hayo yote hutendeka katika muda wa siku tano tu.

Darasa zima lilinyamaza. Kisha kijana mmoja aliyekaa nyuma akauliza: «Mwalimu, mtunzi anasema walizaliwa chini ya nyota mbaya. Kama imeandikwa hivyo, wazee wana kosa gani?»

Swali hilo si la kitoto. Katika nchi yetu maneno kama hayo husemwa kila siku. Binti akifa kwa kujifungua kabla mwili wake haujakomaa, utasikia: ni bahati yake. Kijana akitoroka na msichana na wote wakapotelea migodini, utasikia: walilogwa. Neno bahati ni blanketi pana. Lafunika makosa ya watu wengi. Basi tuliwaomba wanafunzi waifuate hadithi hatua kwa hatua, wakiitafuta hiyo nyota, watuonyeshe mahali ilipotenda kazi.

Mahali pa kwanza walipopataja ni ile barua. Padri Laurence alimkabidhi padri mwenzake aitwaye John aipeleke Mantua, alikokuwa Romeo. Padri John akaingia katika nyumba iliyodhaniwa kuwa na tauni, na walinzi wa afya wakafunga mlango asitoke. Shakespeare aliyajua mambo hayo vizuri: katika miaka ya 1592 hadi 1594 nyumba za michezo za London zilifungwa muda mrefu kwa sababu ya tauni. Na sisi watu wa Kongo ya mashariki tuliokumbwa na Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu mwaka 2018 hadi 2020, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kufungiwa mlango.

Wanafunzi wa Kalima waliielewa barua hiyo kuliko tulivyotazamia. Msichana mmoja alisema: «Mwalimu, hata hapa barua hukwama njiani. Ila uvumi haukwami.» Akasema kweli. Katika hadithi, barua ya kweli ilifungiwa nyumbani, lakini habari ya uongo kwamba Juliet amekufa ilipanda farasi ikafika Mantua upesi. Mtumishi mwaminifu aliyeipeleka aliamini kabisa aliyoyasema. Kwa hiyo tauni ilikuwa na sehemu yake, nasi hatukatai. Walakini tukawauliza: kwa nini uhai wa watu wawili uliwekwa katika karatasi moja? Kwa sababu ndoa ilikuwa ya siri. Na kwa nini ndoa ilikuwa ya siri? Kwa sababu wazazi wasingekubali. Na kwa nini wasingekubali? Kwa sababu ya ugomvi ambao hakuna awezaye kueleza ulianzia wapi. Hapo darasa lote likacheka kidogo, halafu likaacha kucheka. Tulikuwa tumeitafuta nyota mbinguni, tukaikuta sebuleni mwa watu wazima.

Jioni tulikwenda kumwamkia mzee mmoja Mrega, mchimbaji wa zamani wa kampuni, ambaye wajukuu zake wawili walikuwa darasani. Tulimkuta amekaa barazani, na hadithi ilikuwa imekwisha kumfikia. Baada ya salamu alituuliza neno moja tu: «Mwalimu wetu, hao watoto, wajomba zao walikuwa wapi?»

Tulimjibu kwamba katika mchezo huo hakuna mjomba aliyeitwa kusuluhisha. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la fumbo. Kwa Warega mtoto ni wa ukoo wa baba. Lakini ukoo wa mama haumwachi, na mjomba ana neno lake. Ndoa ni jambo la koo nzima, wala mtu haoi ndani ya ukoo wake. Hata katika Bwami, chama kikubwa cha wazee wa Kirega chenye madaraja yake, mume hawezi kupanda hadi daraja za juu bila mke wake kuingizwa pamoja naye katika daraja za wanawake. Yaani wazee wa kale walijua kwamba heshima ya mwanamume haisimami peke yake. Zamani mahari ililipwa kwa mbuzi, kwa vitu vya chuma, na kwa mikufu ya makombe iitwayo musanga. Vitu hivyo vilipita kutoka ukoo hata ukoo, na kila kilipopita kilifunga watu wawili wawili kama uzi katika nguo.

«Zamani,» mzee aliendelea, «mali ya binti yangu ndiyo iliyomwolea mwanangu. Haikukaa nyumbani kwangu. Leo mali ni fedha, na fedha hailali. Usiku huohuo imekwisha ondoka.»

Katekista mmoja aliyekuwapo akatueleza jinsi mambo yanavyokwenda siku hizi. Bei ya bati ikipanda, baba wengine hupandisha mahari. Bei ikishuka, mahari haishuki. Kijana hulipa nusu, hukosa nusu. Akikaripiwa mara ya tatu, humchukua msichana usiku. Baada ya mwaka kuna mtoto. Baada ya miaka mitatu kuna wawili. Wazazi wa mke hawasemi na wazazi wa mume, hata wakikutana mlangoni mwa kanisa. Na hao wawili, waliofundishwa sakramenti tangu utoto, hubaki kwenye benchi wakati wenzao wanapokwenda kukomunika. Alitutajia nyumba moja ya namna hiyo, umbali mfupi kutoka pale tulipokaa. Mke ni wa kabila jingine. Lililobaki kulipwa ni mbuzi wanne na kiasi cha fedha. Baba yake mke alikuwa mgonjwa sana, naye ameapa kwamba mkwe huyo hatatupa udongo kaburini mwake. Yule binti hupita mbele ya nyumba ya baba yake kila siku akienda sokoni, wala hathubutu kuingia.

Wasomaji wapenzi, hapa hakuna jambia wala sumu. Lakini je, hapa hakuna msiba?

Yafaa tuone Eklezia yafundisha nini, maana vijana wengine hudhani padri Laurence alitenda vema kwa kuwa aliwafungisha ndoa wapenzi. Nia yake ilikuwa njema: alitumaini ndoa hiyo itawapatanisha wazazi. Walakini aliifanya gizani. Miaka 32 hivi kabla ya mchezo huo kuandikwa, Mtaguso wa Trento, mwezi wa Novemba 1563, ulikuwa umetoa amri kwamba ndoa itangazwe mbele ya waamini, na ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu. Sababu yake ni kwamba ndoa za siri zilileta machozi mengi. Mtu aliweza kumkana mkewe na kuoa mwingine. Lakini amri hiyohiyo ilikataa fundisho la wale waliosema kwamba ndoa ya watoto haiwi ndoa bila ruhusa ya wazazi. Tazameni hekima yake: Eklezia yamwambia kijana, toka gizani, tena yamwambia mzazi, moyo wa mwanao si mali yako. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema vilevile kwamba kibali cha hao wawili ndicho kifanyacho ndoa, wala hakuna uwezo wa mwanadamu uwezao kukitoa badala yao. Ndoa ya kulazimishwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa si ndoa.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 yataka jamaa za pande mbili zikubaliane juu ya mahari. Na ilipotengenezwa upya mwezi wa Julai 2016, ilikaza kwamba umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 18, kwa msichana kama kwa mvulana. Juliet wa miaka 13 asingefungishwa ndoa kwa halali katika Kalima ya leo, wala na Romeo wala na Paris.

Jambo jingine katika hadithi hiyo tulipenda wazazi walisikie. Mzee Capulet hakuanza kama mtu mbaya. Paris alipokuja kuposa mara ya kwanza, baba huyo alimwambia angoje, kwa maana binti bado mdogo, tena kibali cha binti mwenyewe kinahitajiwa. Hayo ni maneno ya baba mwenye akili. Siku chache baadaye, kwa huzuni ya kufiwa na kwa haraka ya kutaka mkwe mkubwa, alimtukana binti yuleyule na kutishia kumtupa barabarani. Wazazi wengi hujua lililo haki wakati wa utulivu. Shida ni siku ya hasira. Mtume Paulo aliwaandikia akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa. Hakika alijua nyumba za watu.

Tusije tukadhani kwamba hekima juu ya mambo haya yatoka ng'ambo tu. Warega wana jirani zao upande wa Walikale, Wanyanga, wenye utenzi mkubwa wa Mwindo. Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke aliutamba mbele ya mtaalamu Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 ukatolewa kitabuni pamoja na Kahombo Mateene. Mfalme Shemwindo awaagiza wake zake saba wazae wasichana tu. Akizaliwa mvulana, atauawa. Wengi walioufafanua utenzi huo waona kwamba ni tamaa ya mahari: binti huleta mali, mwana huitoa. Mwindo azaliwa mvulana. Baba yake amrushia mikuki, amzika, amfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto aokoka, akimbilia kwa shangazi yake Iyangura, kisha arudi kupigana na baba yake hadi chini ya ardhi.

Hadithi hiyo yaweza kuisha kwa damu kama ile ya Verona. Lakini haiishi hivyo. Mwindo amrudisha baba yake akiwa hai. Watu wote wakusanyika. Viti vitatu vyawekwa mbele ya mkutano: kimoja cha mwana, kimoja cha baba, kimoja cha shangazi. Shemwindo akiri uovu wake mbele ya wote, Iyangura amkemea ndugu yake wazi bila kumwonea haya, na Mwindo asamehe.

Tuliwasimulia wanafunzi habari hiyo siku yetu ya mwisho darasani, wakailinganisha na ile ya Shakespeare. Katika Verona pia wazee walipatana mwishoni. Montague alishika mkono wa Capulet, akaahidi kumsimamishia Juliet sanamu ya dhahabu. Lakini walipatana juu ya maiti. Mkono ule wangaliweza kupeana siku tano mbele, bila gharama ya dhahabu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia; na nyasi zikiisha kukauka, tembo wapatane kwa faida ya nani? Kijana yule wa nyuma, aliyeuliza juu ya nyota, alisimama akasema: «Basi Verona walikosa kiti cha tatu.» Hatukuwa na la kuongeza.

Kiti cha tatu ni nani? Ni mjomba, ni shangazi, ni katekista, ni mzee wa jumuiya. Ni mtu yeyote apendwaye na pande zote mbili, asiyetafuta mali katika neno lile, na asiyeogopa kumwambia mkubwa kwamba amekosa. Padri Laurence angaliweza kuwa mtu huyo. Alikuwa na heshima ya jamaa zote mbili, naye aliijua siri yote. Akachagua dawa na barua, mahali pa kuwaita wazee wawili waketi. Tena, vijana, msisahau sehemu yenu. Romeo asingalimwua Tybalt, huenda mlango ungalibaki wazi. Haraka haraka haina baraka, wala mapendo hayapungui kwa kungoja mashahidi.

Asubuhi ya kuondoka kwetu kulikuwa na ukungu juu ya vilima, na wachimbaji walikuwa wakishuka na makarai yao mabegani. Tulimkuta katekista njiani. Alitwambia kwamba mjomba wa yule mke amefika jana jioni kutoka kijijini, amelala nyumbani kwa mgonjwa, na ameomba jamaa za pande mbili zikutane Jumapili baada ya Misa. Mgonjwa hakukubali bado, wala hakukataa. Ameuliza tu kama wale wajukuu wawili wana afya.

Tunawaomba wasomaji wetu, kila mmoja katika jamaa yake, waikumbuke nyumba hiyo ya Kalima katika sala. Na kama katika ukoo wenu kuna binti apitaye mbele ya nyumba ya baba yake bila kuthubutu kuingia, msingoje siku ya mazishi. Tafuteni kiti cha tatu, mkiweke barazani, mkawaite wote wangali hai.